Kiarabu, Kihindi, Kireno au Kiitaliano? Ulinganisho kwa mtu wa Mombasa anayejifunza lugha kwa mapenzi tu

Watu wakijua kwamba ninajifunza lugha, swali la kwanza huwa, "Kwani unasafiri?" Nikisema la, huja la pili: "Umepata kazi kwa Waarabu?" Nikijibu kwamba sisafiri wala sihami kazi, mazungumzo hukatika hapo, kana kwamba hakuna sababu ya tatu. Ipo. Kuna watu hujifunza lugha kama wengine wanavyopiga udi au kutunza maua: ule wakati wa kuishughulikia ni wakati mzuri, na mtu akiondoka hapo ameondoka na kitu. Nawaandikia hao, hasa waliokwama njia panda. Moyo umeshakubali, lakini lugha ipi?

Kazi yangu ni makaratasi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Mchana ni fomu na simu. Usiku, baina ya Isha na kulala, nina saa moja yangu mwenyewe, na kwa miaka saba sasa saa hiyo nimeigawia lugha nne. Kiarabu ndicho nilichokaa nacho zaidi, miaka minne. Kihindi mwaka mmoja na kitu, Kiitaliano miezi michache, na Kireno ndicho nilicho nacho leo. Hizi nne ndizo nitakazolinganisha. Kifaransa, Kijerumani na Kichina nimeviacha kwa makusudi. Ni lugha nzuri, lakini wengi wanaozifuata hapa wanatafuta hoteli, chuo au kampuni, na mtu wa namna hiyo anahitaji ushauri mwingine.

Nitazipima kwa nini

Vipimo ni vitano. Kwanza maneno: Mswahili anaingia akiwa na mtaji gani mdomoni? Pili, ulimi na jicho, yaani sauti na maandishi. Tatu, watu: nani hapa Mombasa au karibu yake utakayesema naye? Nne, kilichomo ndani: nyimbo, filamu, historia, mapishi, mashairi, chochote kitakachokufanya urudi. Tano, muda.

Cha tatu na cha nne nimevipa uzito kuliko vingine. Mwanafunzi wa shule husukumwa na mtihani, lakini wewe hakuna atakayekuuliza. Itakuja wiki ya harusi, wiki ya mgonjwa, wiki ya kazi nyingi, na daftari litakaa kando. Likikaa wiki tatu, lugha imekwenda. Nimeona watu hodari wa sarufi wakiacha, na nimeona mama mmoja jirani yangu, asiyejua sarufi ni nini, akifika mbali katika Kihindi kwa sababu kila Jumamosi usiku alikuwa na filamu yake.

Gharama sikuiweka peke yake, kwa kuwa haitofautiani sana baina ya lugha na lugha. Inatofautiana baina ya njia na njia. Ukisoma kwa simu ni bando tu. Mwalimu wa kukujia nyumbani mnaelewana kwa saa au kwa mwezi, na wenzako wawili wakijiunga mzigo unapungua. Jambo moja la kuzingatia: mafunzo mengi ya kwenye simu, Duolingo ikiwemo, hufundisha lugha hizi kupitia Kiingereza. Daftari lako liandike kwa Kiswahili. Ukiandika maana kwa Kiingereza, utakesha ukikariri neno ambalo umekuwa ukilisema tangu utotoni.

Maneno uliyonayo tayari

Hapa Kiarabu kiko mbele, na kiko mbele sana. Hesabu sita, saba, tisa, kisha ishirini mpaka tisini, kisha mia na elfu: umekwisha kuhesabu Kiarabu, umebakisha kurekebisha matamshi. Habari, wakati, dunia, safari, kalamu, sabuni, karatasi, vyote vipo. Lakini kilichonivuta mimi ni kwamba Kiarabu kinakuonyesha ndani ya Kiswahili chako mwenyewe vyumba ambavyo hukujua vina milango ya kupitiana. Kiarabu hujengwa kwa mizizi ya konsonanti tatu. Chukua k, t, b: kataba ni aliandika, kitab ni kilichoandikwa, katib ni mwenye kuandika, maktaba ni mahali vinapokaa vilivyoandikwa. Nilikuwa nimesema kitabu, katibu na maktaba maisha yangu yote bila kuona kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Baada ya hapo nikawa siwezi kuacha. Fikira, fikiri, tafakari. Elimu, mwalimu, maalumu. Kwa mwezi mzima nilikuwa nikipanda matatu na karatasi mfukoni, nikizipanga familia.

Mtaji huo una mitego yake. Rahisi kwa Kiarabu ni ya bei ndogo, si nyepesi kufanya. Karibu ni jirani, si mbali. Ukimwambia Mwarabu mlangoni "karibu", umemwambia tu kwamba yuko hapo hapo. Na tafadhali nilifundishwa kwa kikombe. Kuna baraza moja Mji wa Kale nilikuwa nikienda jioni. Muuza kahawa alikuwa na dele lake la shaba juu ya makaa, na mzee mmoja, ambaye babu yake alikuja kwa jahazi kutoka Hadhramaut, ndiye aliyekuwa akinisikiliza Kiarabu changu. Siku hiyo nilitaka kikombe cha pili. Nikanyosha mkono nikasema, "Qahwa, tafaddal." Mzee akakipokea kikombe kutoka kwa muuzaji, akaniwekea kiganjani yeye mwenyewe, polepole, kisha akasema, "Tafaddal. Mwanangu, neno hili ni la mwenye kutoa. Wewe mwenye kuomba sema min fadlak." Tangu siku ile nikisikia mtu akisema tafadhali benki au hospitalini, naona mkono ukitoa, si mkono ukiomba.

Kihindi ni cha pili, na kina mtaji wa aina mbili. Kuna maneno yaliyotujia kutoka Bara Hindi yenyewe: gari, pesa, laki, bima, cheti, chapati, bajia, achari. Halafu kuna maneno ambayo sisi tuliyapata kwa Waarabu na Waajemi, na wao wakayapata huko huko, tukakutana nayo njiani: kitab, duniya, waqt, hava kwa hewa, na lile linalowashangaza wengi, lekin, ambalo ni lakini yetu. Mswahili aliyekaa mbele ya filamu ya Kihindi huokota neno kila baada ya sentensi mbili tatu. Tahadhari ni kwamba maana huhama. Daftar kwa Kihindi ni ofisi.

Kireno kimetuachia vitu vya nyumbani. Usiku mmoja nilikaa kitandani na kamusi nikahesabu chumba changu. Meza ni mesa. Foronya ya mto ni fronha. Kopo la maji ni copo. Leso ya mke wangu iliyotundikwa nyuma ya mlango ni lenço, kitambaa, na parafujo ya kuitundikia ni parafuso. Toka nje uongeze bendera, karata, nanasi na mvinyo. Lakini karibu yote hayo ni majina ya vitu. Vitenzi hawakutuachia, wala viunganishi, kwa hiyo chumba unacho lakini sentensi huna.

Moja katika hayo nalitaja peke yake. Gereza hutajwa na wataalamu kwamba limetokana na igreja, na igreja ni kanisa. Sisi wa Mombasa tunalipita jengo hilo kila siku. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Neno la mahali pa kusali likaishia kuwa neno la mahali pa kufungiwa. Ninapopita pale na wanangu nawaambia.

Kiitaliano hakina undugu wa maneno na sisi wa kutajika. Utaanza mikono mitupu, isipokuwa umetangulia kujua Kireno au Kifaransa, au Kiingereza chako ni kipana.

Ulimi na jicho

Kama kwenye maneno Kiitaliano kilikuwa cha mwisho, hapa ndicho cha kwanza. Maneno yake karibu yote yanaishia na vokali kama yetu, husomwa kama yalivyoandikwa, na vokali zake mdomo wa Mswahili unazipata siku ya kwanza. Kinachohitaji mazoezi ni konsonanti zinazokazwa: nono ni wa tisa, nonno ni babu, pala ni koleo, palla ni mpira. Ukipuuza mkazo utamwita babu wa mtu nambari. Nje ya hapo, mtu anaweza kusoma ukurasa wa Kiitaliano kwa sauti baada ya juma moja, na kusikika vizuri, hata kabla ya kuelewa.

Kireno kwa jicho ni rahisi, kwa sikio si rahisi. Kuna sauti za kupitishia puani: pão ni mkate, pau ni kijiti, na tofauti yote iko puani. Wareno wa Lisbon, tena, humeza vokali hadi sentensi nzima ikawa kama mchanga unaopita mkononi. Wabrazili wanazifungua, na Kireno cha Duolingo ni chao. Mimi nilianza na cha Brazil, nikahamia redio ya Msumbiji baada ya sikio kukomaa.

Kiarabu kinamdai mtu wa bara sauti nyingi, lakini mtu wa Pwani ameshalipa nusu. Th, dh, gh na kh tunazo. Zinazobaki ni ʿayn, h ya kooni, q, na zile nzito nne, yaani s, d, t na dh za kukazwa. Maandishi ni herufi 28 kutoka kulia, na aliyepita chuo cha Kurani utotoni anazisoma tayari, ingawa wengi wetu tulisoma tusielewe. Hapo mwalimu asikudanganye: msahafu una irabu, gazeti halina. Kusoma bila irabu ni kazi ya pili, na haiji mpaka maneno yawe mengi kichwani. Faida ya pembeni ni kwamba unaweza kusoma Kiswahili cha wazee wetu, kilichoandikwa kwa herufi hizo hizo muda mrefu kabla ya herufi za Kizungu. Barua za Kiswahili kongwe zaidi zinazojulikana, kuanzia mwaka 1711, zimehifadhiwa Goa, na zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Kuhusu Kihindi nina jambo la kuwaambia hasa wenye Kimvita. Watu huogopa sauti zake: k na kh, p na ph, t ya menoni na t ya kaakaani. Kwa Kihindi pal ni nukta ya wakati, phal ni tunda. Kaana ni chongo, khaana ni chakula. Mgeni hulia na hizo. Lakini msikilize bibi wa Mji wa Kale akisema kaa la moto, kisha kaa wa ufukweni. Yule mnyama anatoka na pumzi, lile la jikoni halina. Sema paa la nyumba, kisha paa wa mwituni. Tena t ya mato, yaani macho, haikai mahali pamoja na t ya Kiswahili cha shuleni. Ulimi unagusa meno. Tofauti hizo herufi za Kilatini tulizofundishwa zinazificha, lakini kinywa cha Kimvita kinazo, na ukiambiwa tu mahali pa kuzitafuta unazipata. Zisizokuwepo kwetu ni bh, dh na gh za pumzi. Hizo utazifanyia mazoezi. Maandishi ya Devanagari yananing'inia kwenye mstari wa juu kama nguo kwenye kamba, na mtu mwenye bidii huyazoea kwa miezi miwili au mitatu. Asiyeyataka, na ambaye herufi za Kiarabu anazo, anaweza kupitia Kiurdu. Mazungumzo ya kila siku karibu ni lugha moja na Kihindi, maandishi ndiyo mengine.

Utasema na nani

Kiarabu kina walimu wengi hapa kuliko hizo nyingine tatu zikijumlishwa. Misikiti, madrasa, masheikh waliosoma nje, darsa za jioni za wanawake. Asiyekuwa Mwislamu naye asiogope kuuliza. Nilisoma na kijana Mkristo wa Likoni, na mwalimu wetu alimheshimu kama sisi. Lakini kuwa na walimu si kuwa na wazungumzaji. Familia nyingi zenye asili ya Yemen na Oman hapa zinaongea Kiswahili nyumbani vizazi na vizazi. Na kile unachofundishwa darasani ni Kiarabu fasihi, cha vitabu na taarifa za habari, si cha sokoni Mukalla au Cairo. Ukitaka kupiga soga na mtu wa Yemen utahitaji kukaa naye na kuanza upya maneno mengi ya kawaida.

Kwa Kihindi kuna kosa ambalo wengi hulifanya, nami nililifanya. Nilidhani nikijua Kihindi nitaongea na duka zima la viungo Marikiti. Wahindi wa Mombasa wengi lugha yao ya nyumbani ni Kigujarati, Kikachi au Kipunjabi. Kihindi wanakielewa, wengine vizuri sana, lakini ni lugha ya filamu kwao kama ilivyo kwetu. Mwenye duka ninayenunua kwake iliki alinisikiliza kwa furaha, akanijibu kwa Kihindi, kisha akageuka kumwita mwanawe kwa Kikachi. Kama unachotaka ni kuingia katika maisha ya majirani hao, fikiria Kigujarati badala ya Kihindi. Kama unachotaka ni nyimbo na filamu, Kihindi ndicho.

Kiitaliano hakisemwi sana Mombasa mjini, lakini panda matatu ya Malindi, kama kilomita 120, utakuta mji ambao mabango, menyu na watoto wa ufukweni vyote vinaongea Kiitaliano. Watamu vilevile. Hii ndiyo lugha pekee kati ya nne ambayo Jumamosi asubuhi unatoka Mombasa na mchana umeshaagiza kahawa kwa lugha hiyo kwa mtu aliyezaliwa nayo. Uangalie msimu tu: mvua za masika zikianza, wengi hurudi kwao.

Kireno, sitawaficha, hakina watu hapa. Mimi nasema na simu. Nina mwenzangu mmoja wa Pemba, ile Pemba ya Msumbiji, tunayetumiana ujumbe wa sauti. Yeye anataka Kiswahili chetu, mimi nataka Kireno chake, na lugha yake ya nyumbani ni Kimwani, ambacho Mswahili akikisikia anasimama, maana nusu anaielewa. Urafiki huo umenifaa kuliko kitabu, lakini nilimtafuta kwa muda mrefu.

Kilichomo ndani

Hapa kila mtu na moyo wake, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Ndani ya Kireno nimekuta mji wangu. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, na kwa miaka mia mbili iliyofuata sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu sisi yaliandikwa kwa Kireno: barua za makapteni, hesabu za forodha, malalamiko, habari za vita hadi Waomani walipoiteka Ngome mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696. Waliandika kama watawala, na kusoma maneno ya mtu anayeuteketeza mji wako si raha nyepesi. Lakini ni tofauti kubwa kuyasoma mwenyewe, ukaona neno alilolichagua, na kusimuliwa na mtu wa tatu. Juu ya lango la Ngome kuna maandishi ya Kireno ya karne ya 17. Nilikuwa nimepita chini yake tangu safari za shule, na siku niliyoweza kufuata mistari yake nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Na Kireno si cha Ureno peke yake. Kuna Msumbiji, Angola, Guinea-Bissau, visiwa vya Cabo Verde na São Tomé, na Brazil nzima. Mwafrika anayekijua anaanza kusoma waandishi wa Kiafrika ambao Kiingereza chetu kimetufungia nje.

Ndani ya Kihindi kuna muziki ambao tayari unaujua. Taarabu ya Mombasa ilichukua mahadhi mengi ya filamu za Kihindi, na marehemu Juma Bhalo ndiye aliyejulikana zaidi kwa hilo. Ukijifunza Kihindi unaanza kusikia wimbo wa asili chini ya ule wa Kiswahili, na kuona jinsi mshairi wetu alivyoyatupa maneno na kubaki na huzuni yake. Lugha yenyewe ina mambo ya kukaa nayo. Kal ni jana na pia ni kesho. Kitenzi ndicho kitakachokuambia siku iko upande gani.

Kiarabu ni bahari. Kwa Mwislamu kuna Kurani, na hilo halihitaji maelezo yangu: kusikia aya kwenye sala na kuielewa bila tafsiri ni jambo ambalo nimeona watu wazima wakilia kwalo. Kando ya dini kuna mashairi ya kabla ya Uislamu, nyimbo za udi na qanuni, na habari za ulimwengu kutoka upande mwingine wa meza. Lakini bahari inachosha asiyejua anakwenda bandari gani. Anayeingia Kiarabu "ili nikijue chote" huishia mwaka wa pili. Anayeingia ili aelewe khutba ya Ijumaa, au ili aimbe qasida akijua anachokisema, huyo hufika.

Kiitaliano ni cha wenye kupenda kuimba na kupika. Lugha ya maandishi ya muziki wa Ulaya ni hiyo, na mtu anayeimba kwaya atakutana nayo kila ukurasa. Ina nyuzi na pwani yetu pia: aliyechora Ngome ya Yesu, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitaliano aliyewatumikia Wareno. Na huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walijenga kituo cha kurushia satelaiti katika miaka ya 1960. Tarehe 12 Disemba 1970 ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya Wamarekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, ikaitwa Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya.

Muda

Foreign Service Institute, chuo kinachowafundisha lugha maafisa wa ubalozi wa Marekani, kimewahi kukadiria saa 600 hadi 750 za darasani kwa Kiitaliano na Kireno, kama 1,100 kwa Kihindi, na 2,200 kwa Kiarabu, ili mtu afikie kiwango cha kufanya kazi kwa lugha hiyo. Kwa saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, hiyo ni miaka miwili hadi mitatu, miaka minne na kidogo, na zaidi ya minane.

Msizichukue namba hizo kama zilivyo. Zilipimwa kwa watu waliolelewa na Kiingereza, ambao kitabu kwao hakifanani na kitab hata kidogo, na ambao Kiswahili chenyewe walikadiriwa saa 900. Kwa mtu wa Pwani Kiarabu na Kihindi vinashuka, kwa kiasi gani siwezi kukupimia, lakini vinashuka. Tena wewe huendi kufanya kazi ubalozini. Kufuata mazungumzo ya filamu, kusoma barua fupi, kuagiza chakula na kumuuliza mpishi amekitia nini, hayo huja mapema zaidi. Kwa hali yangu mimi, furaha ya kwanza ya kweli ilikuja mwezi wa pili kwa Kiitaliano, wa tano kwa Kireno, wa sita kwa Kihindi. Kwa Kiarabu ilikuja siku ya kwanza kwa sababu ya maneno, kisha ikapotea mwaka mzima kwa sababu ya sarufi, kisha ikarudi na kukaa.

Uchague vipi, kwa hali yako

Kama uliwahi kusoma chuoni na herufi unazo, na kuna mtu wa kusoma naye mtaani, Kiarabu kinakufaa, ila jiwekee bandari moja ndogo kwanza. Kama huwezi kustahimili mwaka wa pili mgumu, usianze nacho.

Kama jioni zako zimejaa watoto na jiko, na mahali pekee pa kujifunzia ni mbele ya televisheni mikono ikimenya viazi, chukua Kihindi. Ndicho kinachokubali mtu afanye kazi nyingine huku anasikiliza. Na kama wewe ni mpenzi wa taarabu, hutajuta.

Kama umeshawahi kuanza lugha mbili tatu ukaziacha, na imani yako imepungua, ningekushauri Kiitaliano, hata kama moyo uko kwingine. Unahitaji kusikia mdomo wako ukiweza. Panga na mwenzako safari ya Malindi mwisho wa mwezi wa pili, mlipe na nauli kabisa.

Kama unapenda historia na unaweza kukaa peke yako na kitabu bila kuhitaji mtu wa kusema naye, Kireno. Kama unahitaji watu ili uendelee, Kireno kitakuvunja moyo hapa Mombasa, isipokuwa umempata mwenzako wa Msumbiji kabla ya kuanza. Mtafute kwanza.

Kama ni mtu mzima aliyestaafu na mjukuu yuko nyumbani, soma ile ambayo mjukuu naye atapenda. Nimeona babu na mjukuu wakijifunza Kiarabu pamoja, mtoto akisahihisha herufi na babu akikumbuka maneno, na wote wawili wakaenda mbali.

Na ikiwa zimebaki mbili na huwezi kuamua, zipe kila moja wiki mbili, saa ile ile ya usiku, daftari mbalimbali. Wiki ya tano usisome chochote. Daftari utakalolifungua wiki hiyo bila kukumbushwa, endelea nalo.